Mauzo Yamepanda, Lakini Yamepanda Wapi? Jibu kwa Mfanyabiashara wa Mwanga, Kigoma

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nina duka la vifaa vya shule na michezo hapa Mwanga, Kigoma. Nauza bao, drafti, ludo, keram na karata. Kijana wangu anayesomea uhasibu amenionyesha hesabu za Games Workshop, kampuni ya Uingereza inayotengeneza michezo ya mezani ya sanamu ndogo za plastiki. Mapato yamepanda, faida imepanda zaidi ya mapato, halafu viongozi wa kampuni wenyewe wanatahadharisha kwamba sehemu ya faida hiyo haitarajiwi kujirudia. Inawezekanaje? Na mtu anaonaje kwenye hesabu kwamba wateja wamebadilisha namna ya kununua?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Maswali yako mawili yanajibiwa na taarifa ileile aliyokuonyesha kijana, isipokuwa majibu hayapo kwenye ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza wa taarifa ya mwaka huandikwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka, kwa hiyo humpa jumla ya mapato, jumla ya faida na kiasi cha gawio, kisha humwacha aende zake. Mwenendo wa mauzo haukai kwenye jumla. Unakaa kwenye mgawanyo wake: ni kitu gani kimeuzwa, kimeuzwa kupitia njia ipi, katika wiki ngapi, na kimebakiza nini baada ya gharama kutolewa. Nimefundisha hesabu za biashara hapa Tabora muda mrefu, na kila mara naona wanafunzi wazuri wakikimbilia asilimia ya ukuaji kabla hawajauliza kilichokua ni nini.

Tuanze na kampuni yenyewe. Games Workshop ilianzishwa London mwaka 1975, makao yake yako Nottingham, na hisa zake zimekuwa zikiuzwa katika Soko la Hisa la London tangu mwaka 1994. Mchezo wake mkubwa ni Warhammer, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1983, pamoja na ndugu yake Warhammer 40,000 wa mwaka 1987. Mchezaji hanunui boksi moja akamaliza. Hununua askari wa plastiki wakiwa vipandevipande, akawaunganisha kwa gundi, akawapaka rangi za kampuni hiyohiyo, akanunua kitabu cha kanuni, kisha akaendelea kuongeza jeshi lake kwa miaka. Hapa ndipo biashara hiyo inapotofautiana na bao unalouza wewe, kwa sababu bao zuri la mninga likishanunuliwa hudumu hadi kwa wajukuu, na mnunuzi wake hana sababu ya kurudi dukani labda awe amepoteza kete. Mwaka wa fedha wa 2015/16 kampuni hiyo iliuza bidhaa za pauni milioni 118.1, na mwezi Desemba 2024 iliingia katika orodha ya FTSE 100, yaani kampuni mia moja zenye thamani kubwa zaidi katika soko la London.

Sasa tuchukue mwaka ulioishia tarehe 1 Juni 2025, ambao nadhani ndio ulioonyeshwa. Jumla ya mapato ilikuwa pauni milioni 617.5, kutoka milioni 525.7 mwaka uliotangulia. Hilo ni ongezeko la asilimia 17 na nusu hivi. Faida kabla ya kodi ilitoka milioni 203.0 hadi milioni 262.8, ambalo ni ongezeko la karibu asilimia 30. Msomaji wa haraka atasema kampuni imeuza zaidi na imebana matumizi. Hakukosea sana, lakini hajaona jambo lenyewe.

Kampuni hii hutenganisha mapato yake katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni biashara ya msingi, yaani sanamu, rangi, vitabu na vifaa vinavyotengenezwa na kuuzwa. Fungu la pili ni leseni, yaani fedha inazolipwa na kampuni nyingine kwa ruhusa ya kutumia wahusika na hadithi zake, hasa katika michezo ya video. Mwaka huo biashara ya msingi iliingiza milioni 565.0, kutoka 494.7. Leseni ziliingiza milioni 52.5, kutoka 31.0. Ukitazama mapato peke yake, leseni zinaonekana kama kitoweo cha pembeni, kwa kuwa hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya jumla. Tazama faida sasa. Faida ya uendeshaji, yaani kinachobaki kabla ya riba na kodi, kwa biashara ya msingi ilikuwa milioni 211.8, na ya leseni ilikuwa milioni 49.5. Maana yake ni kwamba katika kila pauni 100 za bidhaa zilizouzwa, zilibaki pauni 37 na nusu baada ya gharama. Katika kila pauni 100 za leseni, zilibaki pauni 94. Leseni haihitaji plastiki, wala kalibu, wala lori, wala mpangaji wa rafu. Kwa hiyo mapato ya leseni yakipanda, karibu yote yanateremka hadi kwenye faida.

Fanya hesabu moja zaidi, nawe utakuwa umepata jibu la swali lako la kwanza. Mapato yote yaliongezeka kwa milioni 91.8, na leseni zilichangia milioni 21.5 katika hizo, ambayo haifiki robo. Faida ya uendeshaji iliongezeka kwa milioni 59.5, na leseni zilichangia milioni 22.5, ambayo ni zaidi ya theluthi. Faida ilikimbia kuliko mapato kwa sehemu kubwa kwa sababu mchanganyiko wa mapato ulibadilika, hata kabla hatujauliza kama kiwanda kilifanya kazi vizuri zaidi. Nacho kilifanya vizuri, kwani ukitafuta uwiano huohuo wa biashara ya msingi kwa mwaka uliotangulia utapata pauni 35 na senti chache katika kila mia.

Leseni ziliruka hivyo kwa sababu inayojulikana. Mwezi Septemba 2024 ulitoka mchezo wa video uitwao Warhammer 40,000: Space Marine 2, uliotengenezwa na kampuni nyingine kwa leseni, ukauzwa sana. Mchezo wa video wa aina hiyo huuzwa kwa wingi miezi ya mwanzo, kisha hupungua. Dalili ilikuwa wazi katika hesabu za nusu mwaka: miezi sita ya kwanza leseni ziliingiza milioni 30.1, na ukizitoa katika 52.5 unabakiwa na milioni 22.4 kwa miezi sita ya pili. Ongeza na kanuni za uhasibu. Mkataba wa leseni mara nyingi huwa na kiasi cha chini ambacho aliyepewa leseni amejifunga kulipa, na kiasi hicho huandikwa kama mapato mkataba unapoanza kufanya kazi, hata kama fedha taslimu zitafika kidogokidogo kwa miaka. Mrabaha wa ziada, yaani sehemu anayolipa kwa kila nakala inayouzwa, huandikwa kadiri mauzo yanavyotokea. Kwa hiyo mstari wa leseni una tabia ya kupanda ghafla na kushuka ghafla bila mteja hata mmoja wa sanamu kubadili tabia yake. Viongozi waliposema wasitarajiwe kurudia mwaka kama huo, walikuwa wanazungumzia mstari huo, na mimi naona ni uungwana wa kihasibu ambao kampuni nyingi haziuonyeshi mwaka unapokuwa mzuri.

Wana sababu ya kuwa waangalifu. Filamu za The Lord of the Rings zilipotoka kuanzia mwaka 2001 hadi 2003, kampuni hiyo ilikuwa na leseni ya kutengeneza sanamu za wahusika wake, safari hiyo yenyewe ikiwa upande wa mlipaji. Mauzo yalipanda hadi zaidi ya pauni milioni 150 katika mwaka ulioishia 2004. Filamu zilipokwisha, wateja wapya walioletwa na sinema waliondoka, na ndani ya miaka michache mauzo yalikuwa yameshuka hadi karibu milioni 110, huku maduka na wafanyakazi walioongezwa wakati wa neema wakiendelea kula gharama. Ukikutana na kampuni ya michezo inayokua, swali la kwanza liwe hilo: mteja huyu amekuja kwa ajili ya mchezo, au amekuja kwa ajili ya kitu kingine ambacho kitapita?

Nikuonyeshe sasa mtego mwingine mdogo ambao hata wachambuzi wa magazeti huuruka. Kampuni hii hufunga hesabu siku ya Jumapili, kwa kuhesabu wiki nzima. Mwaka ulioishia tarehe 28 Mei 2023 ulifuatiwa na mwaka ulioishia tarehe 2 Juni 2024. Hesabu siku zilizo katikati, utapata wiki 53. Mwaka uliofuata, hadi 1 Juni 2025, una wiki 52. Biashara ya msingi ilikua kwa asilimia 14.2 ukilinganisha jumla kwa jumla, lakini ukigawanya kwa wiki inatoka milioni 9.33 kwa wiki hadi milioni 10.87, na ukuaji unakuwa zaidi ya asilimia 16. Wewe uliye jirani na mwalo wa Kibirizi unalijua jambo hili kuliko mimi: huwezi kulinganisha dagaa waliopakuliwa katika wiki mbili za giza na waliopakuliwa katika wiki mbili ambazo mbalamwezi imewazuia wavuvi kutoka, kisha ukasema ziwa limekauka.

Kuna kalenda nyingine ndani ya biashara hii, nayo ni ya matoleo mapya. Kanuni za Warhammer 40,000 hutolewa upya kila baada ya miaka mitatu hivi. Toleo la nane lilitoka mwaka 2017, la tisa mwaka 2020, na la kumi mwezi Juni 2023. Boksi la uzinduzi huvuta mauzo ya miezi ya karibu, kwa hiyo mwaka wenye uzinduzi mkubwa huonekana mnene na unaofuata huonekana mwembamba. Mwaka wa 2024/25 haukuwa na toleo jipya la mchezo huo mkubwa, ingawa Age of Sigmar, mchezo wao wa pili kwa ukubwa, ulipata toleo la nne mwezi Julai 2024. Kwa biashara ya msingi kukua kiasi hicho katika mwaka wa namna hiyo, mimi nasoma kwamba wachezaji waliopo wanaendelea kununua katikati ya matoleo. Kwangu hiyo ni habari kubwa kuliko rekodi yoyote iliyotajwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Hapo tumefika kwenye swali lako la pili, la namna wateja wanavyonunua. Games Workshop huuza kupitia njia tatu: kwa jumla kwa maduka huru ya watu wengine, kwa rejareja katika maduka yake yenyewe ambayo ni mamia katika nchi nyingi, na moja kwa moja mtandaoni. Watu wengi huifahamu kwa maduka yake, ambayo mengi ni madogo na huendeshwa na mfanyakazi mmoja, lakini leo zaidi ya nusu ya mauzo ya msingi hupitia kwa wauzaji huru, na soko lake kubwa zaidi ni Amerika Kaskazini. Mwaka wa 2020/21, wakati maduka yalipofungwa na kufunguliwa kwa sababu ya UVIKO-19, mauzo ya mtandaoni yaliruka na mauzo yote yakatoka milioni 269.7 hadi 353.2. Maduka yalipofunguliwa, fedha haikuondoka. Ilihama tu mlango.

Kuhama kwa njia ya mauzo hubadilisha kila mstari wa hesabu, na nitakuonyesha kwa bidhaa yako. Tuseme bao moja unalinunua kwa fundi shilingi 20,000, unaliuza rejareja kwa 40,000 na kwa jumla kwa 28,000. Mwaka jana uliuza mabao 100: sitini rejareja na arobaini kwa jumla. Mapato yako yalikuwa 3,520,000 na faida ghafi, yaani mapato ukitoa ulichomlipa fundi, 1,520,000. Mwaka huu umeuza mabao 120: arobaini rejareja na themanini kwa jumla. Mapato ni 3,840,000, lakini faida ghafi ni 1,440,000. Umeuza mabao mengi zaidi kwa asilimia 20, mapato yamekua kwa asilimia 9 tu, na faida ghafi imepungua kwa shilingi 80,000. Hakuna aliyekuibia. Wateja wako wamehama kutoka kaunta kwenda kwa wachuuzi wanaopeleka Kasulu na Kibondo.

Kabla hujasikitika, endelea kusoma hadi chini ya hesabu. Mnunuzi wa jumla hakudai kaunta, hakudai taa zikae zinawaka hadi saa mbili usiku, wala hakudai msichana wa dukani amfungulie boksi la ludo aone kama dadu zipo. Kama mauzo hayo hayakukuongezea pango wala mshahara, faida ghafi ndogo kwa kila bao inaweza kuacha faida halisi iliyo sawa au kubwa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kampuni ya Nottingham: duka huru hupewa punguzo, lakini ndilo linalolipa pango lake, ndilo linaloajiri, na ndilo linalobeba hatari ya boksi kukaa rafuni. Kinachonipa wasiwasi katika hesabu za namna hiyo ni pale mauzo ya jumla yanapopanda kwa kasi huku wadaiwa, yaani fedha za mzigo uliochukuliwa kwa mkopo, wakipanda kwa kasi zaidi, kwa sababu hapo mzigo unaweza kuwa umehamia ghala la mtu mwingine bila kumfikia mchezaji. Mauzo kwa muuzaji si mauzo kwa mchezaji. Yatasomeka mwaka huu kama ukuaji na mwaka ujao kama oda zilizokatwa.

Ukitaka kuona jumla inavyoficha, tazama Hasbro ya Marekani, kampuni ya wanasesere na michezo. Mapato yake yalishuka kutoka dola bilioni 6.4 hivi mwaka 2021 hadi karibu bilioni 5.0 mwaka 2023, na mwaka huo ilipata hasara kubwa baada ya kufuta thamani ya biashara ya filamu na televisheni iliyokuwa imeinunua. Mtu akisoma hapo atasema michezo imekwisha. Lakini ndani ya kampuni hiyohiyo mchezo wa karata wa Magic: The Gathering ulikuwa umevuka mapato ya dola bilioni moja mwaka 2022. Kilichoshuka kilikuwa wanasesere na filamu. Asmodee ya Ufaransa nayo, kampuni ya michezo ya mezani iliyonunuliwa na Embracer Group ya Sweden kwa thamani ya euro bilioni 2.75 na kuingia sokoni kivyake mjini Stockholm mwezi Februari 2025, imepata sehemu kubwa ya ukuaji wake wa karibuni kutoka kwenye karata za kukusanya za wachapishaji wengine, Pokémon zikiwemo, ambazo yenyewe ni msambazaji tu. Msambazaji hubakiwa na kidogo kwa kila pakiti kuliko mwenye mchezo, kwa hiyo ukuaji wa aina hiyo usiufananishe na wa Games Workshop hata kama asilimia zinafanana.

Ushuru nitaugusa kwa ufupi. Marekani ilipopandisha ushuru mwezi Aprili 2025, michezo mingi ya mezani iliumia kwa sababu huchapwa na kutengenezwa China, ambako ushuru ulifika asilimia 145 kwa muda kabla ya kuteremshwa. Games Workshop hutengeneza sanamu zake Nottingham, na bidhaa za Uingereza ziliwekewa asilimia 10; hata hivyo ilikadiria kwamba ushuru ungeweza kuipunguzia faida kwa takriban pauni milioni 12. Athari kama hiyo huonekana kwenye faida bila kuonekana kwenye mauzo, kwa hiyo usiisome kama mabadiliko ya wateja. Ndivyo ilivyo pia kwa thamani ya sarafu. Kampuni inayouza sana kwa dola na kuandika hesabu kwa pauni itaonekana kupanda au kushuka bila boksi kuongezeka, na ndiyo maana taarifa nzuri hutoa pia ukuaji kwa kiwango cha kubadilisha fedha kisichobadilika. Wewe unayepokea wateja kutoka Bujumbura na Kalemie umeshawahi kuona mwezi ambao faranga imebadilika na daftari lako likaonekana limeneemeka au limefilisika, na bidhaa zilizotoka ni zilezile.

Kuhusu daftari lako, sikushauri ununue programu yoyote. Chora safu tatu katika ukurasa wa kila wiki: kaunta, jumla, na oda za simu unazozituma kwa basi au kwa boti, kisha katika kila safu andika idadi ya vitu pamoja na fedha, kwa sababu fedha peke yake haitakuambia kama bei imepanda au watu wameongezeka. Linganisha wiki za Januari na wiki za Januari iliyopita, maana shule zikifunguliwa duka lako huwa duka jingine. Mwisho wa mwezi hesabu kilichobaki rafuni kwa aina, na keram iliyokaa mwaka mzima iandike kwa bei ambayo mtu angeinunua leo, si bei uliyoilipa.

Ila kuna ukurasa mmoja uutenge kabisa. Likija shirika linalohudumia watoto katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu likakuagizia ludo mia mbili kwa mkupuo, au halmashauri ikataka drafti za mashindano ya vijana, fedha hiyo pokea, shukuru, na uiandike huko peke yake. Faida yake itakuwa nzuri kwa sababu hukuongeza gharama yoyote kuipata. Unapopiga simu Kariakoo kuagiza mzigo wa miezi mitatu ijayo, agiza kwa kutazama zile safu tatu, na huo ukurasa mwingine uufunike.